Kimya Kinachorithiwa: Mbinu za Kiusasaleo katika Filamu za Vita vya Vietnam na Historia Iliyozizaa

Utangulizi

Katika filamu ya Apocalypse Now (1979) limo onyesho fupi sana ambalo wahakiki hawachoki kulirejelea. Helikopta za Marekani zimeshambulia kijiji cha pwani. Nyumba zinaungua, na Kapteni Willard anashuka ufukweni katikati ya moshi na milio ya risasi. Hapo anakutana na wapigapicha wa televisheni. Mmoja wao, mtu mwenye ndevu, anamfokea apite tu bila kuitazama kamera, aendelee kana kwamba anapigana. Mtu huyo mwenye ndevu ni Francis Ford Coppola, mwongozaji wa filamu yenyewe. Kwa hiyo mtazamaji anamwona mwongozaji halisi akiigiza mwongozaji wa kubuni, anayemtaka mwigizaji anayeigiza askari ajifanye kuwa askari.

Onyesho hili hutajwa mara kwa mara kama mfano wa kujirejelea, mojawapo ya mbinu zinazoitwa za kiusasaleo. Utajaji huo ni sahihi, lakini mara nyingi huishia hapo: mbinu inapewa jina, jina linaunganishwa na nadharia, na nadharia inaunganishwa na majina ya wanafalsafa wa Kifaransa. Makala haya yanauliza swali la awali zaidi, yaani mbinu hizi zilitoka wapi. Hoja inayojengwa ni kwamba mbinu za kiusasaleo katika filamu za vita vya Vietnam zilitokana kwanza na namna vita vyenyewe vilivyoendeshwa na kusimuliwa, na nadharia ikaja baadaye kuzipa majina. Hoja ya pili, ambayo ndiyo iliyomsukuma mwandishi kushika kalamu, ni kwamba mojawapo ya mbinu hizo, mwingilianomatini, hurithi pamoja na matini za zamani kimya cha watu ambao matini hizo hazikuwapa sauti.

Istilahi usasaleo inatumika hapa kama inavyotumiwa na wahakiki kadhaa wa fasihi ya Kiswahili, ingawa wapo wanaopendelea usasabaadaye. Msomaji aliyezipitia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hahitaji kufafanuliwa kwa urefu maana ya msuko uliovunjika, msimulizi asiyeaminika au matini inayozungumza na matini nyingine. Jean-François Lyotard, aliyeueleza usasaleo kuwa hali ya kutoziamini tena simulizi kuu, alichapisha maelezo yake mwaka 1979, mwaka uleule ambao filamu ya Coppola iligawana tuzo kuu ya Cannes na filamu ya Kijerumani Die Blechtrommel. Hiyo huenda ni sadfa tu. Imani ya Wamarekani kwa simulizi kuu za serikali yao ilikuwa imekwisha kuporomoka kabla Lyotard hajaandika neno.

Vita visivyokuwa na mstari wa mbele

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, Rais Lyndon Johnson aliwatangazia Wamarekani kwa televisheni kwamba meli zao zilikuwa zimeshambuliwa kwa mara nyingine katika Ghuba ya Tonkin. Siku tatu baadaye Bunge lilimpa ruhusa ya kutumia nguvu za kijeshi. Shambulio la usiku ule halikutokea. Shaka ilitolewa saa zilezile na kamanda aliyekuwa baharini, na nyaraka za ujasusi zilizowekwa wazi mwaka 2005 zilithibitisha kwamba taarifa zilizotumika kuhalalisha vita zilikuwa zimepotoshwa. Kati ya matukio hayo mawili ipo Juni 1971, gazeti la The New York Times lilipoanza kuchapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi zilizoonyesha kwamba viongozi walikuwa wakiwaambia wananchi jambo moja na wao kwa wao wakiambiana jingine. Msimulizi asiyeaminika, kwa hiyo, alikuwa serikali kabla ya kuwa mhusika wa filamu.

Namna ya kupigana nayo iliathiri usimulizi. Filamu za kivita za jadi, hasa zile za Vita vya Pili vya Dunia, hutegemea ramani: kikosi kinatoka hapa, kinavuka mto, kinateka kilima, kinasonga mbele. Kusonga kwa jeshi ndiko kunakosogeza msuko. Nchini Vietnam ramani ya namna hiyo haikuwepo. Kilima kiliweza kutekwa kwa damu nyingi, kikaachwa, kikatekwa tena. Kwa kuwa maeneo hayakuweza kuwa kipimo cha ushindi, makamanda wa Marekani walipima kwa kuhesabu maiti, na hesabu hiyo ikawa na kishawishi chake: kila aliyekufa alielekea kuandikwa kuwa adui. Zaidi ya hayo, askari wa kawaida hakwenda na kikosi chake na kurudi nacho. Alipelekwa peke yake kwa ndege, akatumikia miezi 12, au 13 kwa wale wa kikosi cha majini, kisha akarudishwa peke yake. Kwake vita havikuwa na mwanzo wala mwisho. Vilikuwa na tarehe yake ya kuondoka. Mtu anayeishangaa Full Metal Jacket (1987) ya Stanley Kubrick kwa kuwa imekatika vipande viwili ambavyo havishikani vizuri, kambi ya mafunzo upande mmoja na mji wa Hue upande mwingine, angefaa kukumbuka utaratibu huu wa utumishi kabla ya kuitafuta sababu katika falsafa.

Hollywood ilijaribu kwanza kuvisimulia vita hivi kwa desturi ya zamani. The Green Berets (1968), iliyoongozwa kwa ushirikiano na John Wayne na yeye mwenyewe akawa mhusika mkuu, ilisaidiwa na jeshi la Marekani na kupigwa kwa sehemu kubwa katika jimbo la Georgia. Ni filamu ya wachunga ng'ombe iliyovishwa sare. Mwishoni mwake jua linatua baharini, ilhali pwani ya Vietnam inatazama mashariki. Wahakiki wamelicheka kosa hilo kwa zaidi ya nusu karne, na wana haki ya kucheka. Lakini linafundisha jambo. Filamu ilihitaji machweo kwa sababu aina yake ya masimulizi humalizika kwa machweo, na jiografia ya nchi ya watu ikalazimika kugeuka ili kuifuata. Filamu ilitoka mwaka uleule wa mashambulizi ya Tet, mapigano ya Hue yaliyochukua takribani mwezi mmoja, na mauaji ya wanakijiji wa My Lai ya tarehe 16 Machi.

Mwanahabari Michael Herr, aliyekuwa Vietnam katika kipindi hicho, aliandika kitabu Dispatches (1977) kwa lugha ya vipande vipande, iliyochanganya muziki wa roki, misimu ya askari na kumbukumbu za sinema. Fredric Jameson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1984, alikitumia kitabu hicho kudai kwamba vita hivi ndivyo vilivyokuwa vya kwanza vya kiusasaleo, visivyoweza kusimuliwa kwa mifumo ya zamani ya riwaya na filamu za kivita. Herr huyohuyo ndiye aliyeandika maneno ya Willard anayoyasikia mtazamaji wa Apocalypse Now, na ndiye aliyeshirikiana na Kubrick na Gustav Hasford kuandika muswada wa Full Metal Jacket. Njia kutoka uwanja wa vita hadi mbinu ya filamu inaweza, katika mfano huu, kufuatwa kwa nyayo za mtu mmoja.

Kamera ndani ya kamera

Mbinu ya kujirejelea inaonekana kwa ukali zaidi katika Full Metal Jacket. Wapigapicha watatu wanapita wameinama mbele ya askari waliojibanza wakati wa mapigano ya Hue. Kadiri kamera inavyosogea, askari mmoja baada ya mwingine anatania: hii ni sinema ya Vietnam, fulani atakuwa John Wayne, fulani atakuwa farasi. Wanapofikia swali la nani watakuwa Wahindi Wekundu, jibu ni kwamba nafasi hiyo waachiwe Wavietnam, wanaotajwa kwa neno la matusi. Utani huu unafanya kazi ambayo hotuba ndefu isingeifanya. Unaonyesha kwamba nafasi zilikwisha kugawanywa katika sinema kabla ya vita kuanza, na kwamba vijana hawa walifika Asia wakiwa wamekariri filamu.

Mhusika mkuu, Joker, ni mwandishi wa gazeti la jeshi. Mhariri wake anamwelekeza aache kuandika kwamba vikosi vinatafuta na kuangamiza. Aandike kwamba vinafagia na kusafisha. Hapa filamu haijabuni sana, kwani kubadilisha majina ya operesheni ili yasiwaudhi wasomaji wa nyumbani ni jambo lililofanyika kweli katika vita hivyo. Kejeli ya kiusasaleo mara nyingine ni kunakili tu.

Kubrick aliipiga filamu yote Uingereza. Mji wa Hue aliujenga katika kiwanda cha gesi kilichoachwa huko Beckton, mashariki mwa London, akaupamba kwa mitende iliyoletwa kutoka Uhispania. Coppola naye alikwenda Ufilipino. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipokataa kumsaidia, alikodi helikopta za jeshi la Ferdinand Marcos, na mara kwa mara helikopta hizo ziliondolewa katikati ya upigaji picha zikapigane na waasi halisi. Chombo kilekile kilikuwa asubuhi kifaa cha maigizo na alasiri kifaa cha kuua. Jean Baudrillard, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliitumia filamu hii kudai kwamba vita na filamu vimekuwa kitu kimoja, na kwamba walichokipoteza Wamarekani vitani wamekipata katika sinema.

Dai hilo linavutia, na watafiti wachanga, mwandishi huyu akiwa mmojawapo hapo zamani, hulinukuu kwa urahisi mno. Kwa mwanakijiji wa Ufilipino aliyeiona helikopta ile ikija baada ya kutoka Coppola alikokuwa, tofauti kati ya filamu na vita ilikuwa wazi kabisa. Na makadirio yaliyotolewa na serikali ya Vietnam mwaka 1995 yanataja raia wapatao 2,000,000 na wapiganaji wapatao 1,100,000 wa upande wa Kaskazini na washirika wake waliokufa. Ukuta wa kumbukumbu uliofunguliwa Washington mwaka 1982 una majina zaidi ya 58,000, yote ya Wamarekani. Kusema kwamba mpaka kati ya taswira na uhalisia umefutika ni jambo linalowezekana zaidi kwa upande wenye ukuta huo.

Kurtz anaisoma tanzia yake

Mwingilianomatini wa Apocalypse Now ni mzito kuliko wa filamu nyingine yoyote ya vita hivi. Wimbo unaofungua filamu ni wa bendi ya The Doors na unahusu mwisho. Helikopta zinaposhambulia kijiji, vipaza sauti vinapiga muziki wa Richard Wagner uleule uliotumika mwaka 1915 kusindikiza wapandafarasi wa Ku Klux Klan katika The Birth of a Nation. Safari yote ya Willard, kupanda mto kumfuata Mzungu aliyejifanya mungu mdogo msituni, imechukuliwa kutoka Heart of Darkness ya Joseph Conrad, na Kurtz wa Conrad amebaki na jina lake.

Inafaa kukiri kwamba wapo wanaoiona filamu hii kuwa ya kisasa na si ya kiusasaleo, na wana ushahidi. Mezani kwa Kurtz kamera inaonyesha The Golden Bough cha James Frazer na From Ritual to Romance cha Jessie Weston, vitabu viwili vilivyowaathiri sana waandishi wa usasa. Mwisho wa filamu unakimbilia visasili badala ya kuvibomoa. Hata hivyo, lipo onyesho moja linaloutatiza uainishaji huo. Kurtz anasoma kwa sauti shairi la T. S. Eliot, The Hollow Men (1925). Shairi hilo linatanguliwa na dondoo kutoka kitabu cha Conrad, na dondoo hilo ni sentensi inayotangaza kifo cha Kurtz. Mhusika aliyetoka katika kitabu anasoma shairi lililoandikwa chini ya taarifa ya kifo chake mwenyewe. Mzunguko kama huu ndio hasa wanaoufurahia wahakiki wa usasaleo, na mwandishi wa makala haya aliufurahia pia kwa muda mrefu.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe. Katika kitabu cha Conrad inatamkwa na kijana Mwafrika, mtumishi wa meneja. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kuhusu ubaguzi wa Conrad, alibainisha kwamba Waafrika katika kitabu kile huzungumza kwa maneno ya kueleweka mara mbili tu, na hii ni mojawapo. Eliot aliihifadhi sentensi hiyo juu ya shairi lake, ingawa bila jina la msemaji. Kurtz wa Coppola anapofungua mdomo kusoma, anaanzia kwenye shairi lenyewe. Dondoo halisomwi. Sababu ya kisanaa ipo, kwa kuwa mhusika hawezi kutangaza kifo chake kabla hakijatokea. Lakini matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyekuwa na sentensi moja mwaka 1899, na aliyeendelea kuwa nayo mwaka 1925, hana hata hiyo mwaka 1979.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Conrad alipanda Mto Kongo mwaka 1890 hadi kituo cha Stanley Falls, Kisangani ya leo. Tangu mwaka 1887 liwali wa eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold II alikuwa ameteuliwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma: alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na ukatili wa kituo kile ulikuwa pia wake. Lakini aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na kitabu hicho kimechapishwa na kinasomwa. Mto ambao Conrad aliujaza ukimya na kelele zisizo na maana ulikuwa na lugha, mikataba, barua na ugomvi wa bei. Kimya kilikuwa katika sikio la msimulizi.

Coppola aliporithi umbo la kitabu, alirithi pia sikio hilo. Watu wanaomzunguka Kurtz wa filamu wanatakiwa kuwa wenyeji wa milimani mpakani mwa Kambodia. Wanaoonekana ni Waifugao wa Ufilipino, waliokodiwa na kuletwa mahali pa upigaji picha. Kuchinjwa kwa nyati kunakoonekana mwishoni ni tambiko lao la kweli. Mkongo wa Conrad, mwenyeji wa Asia wa kwenye muswada na Mwifugao wa mbele ya kamera wamewekwa katika nafasi moja, na nafasi hiyo haina maneno. Toleo la mwaka 2001, Apocalypse Now Redux, lilirudisha onyesho refu la familia ya Kifaransa katika shamba lao la mpira. Hatimaye historia inatamkwa: Wafaransa wanazungumzia kushindwa kwao Dien Bien Phu mwaka 1954 na wanamuuliza Mmarekani anatafuta nini huko. Ni onyesho la thamani. Wanaoruhusiwa kuisimulia historia ya Vietnam, hata hivyo, ni wakoloni wake wa awali, wakiwa mezani.

Kubrick alilikaribia tatizo hili zaidi. Mdunguzi anayewaua askari wa Joker mmoja mmoja, na ambaye hatukumwona uso hadi mwisho, ni msichana. Akiwa anakufa, ananong'ona sala. Askari mmoja anauliza anasema nini, mwingine anamweleza. Kisha anaomba auawe, kwa Kiingereza, lugha ya wauaji wake. Tafsiri imeingia katika filamu kwa mara ya kwanza, lakini ipo mikononi mwa Joker.

Mahojiano ya kuigizwa

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mbinu za kiusasaleo haziwezi kumpa sauti aliyenyamazishwa. Filamu ya Trinh T. Minh-ha, Surname Viet Given Name Nam (1989), inakataza hitimisho hilo. Trinh alizaliwa Hanoi na kufanya kazi Marekani. Jina la filamu limetokana na mzaha wa Kivietnam: mwanamke anayeulizwa kama ameolewa anajibu kwamba mumewe ukoo wake ni Viet na jina lake ni Nam.

Katika sehemu ya kwanza, wanawake wa Vietnam wanahojiwa kuhusu maisha baada ya vita: uchovu, hospitali zisizo na vifaa, ndoa, ahadi za mapinduzi ambazo hazikuwafikia. Wanazungumza polepole, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito, na maandishi kwenye skrini wakati mwingine hayaendi sambamba na wanachokisema. Taratibu mtazamaji anaanza kushuku. Kisha anagundua kwamba mahojiano hayo yalifanywa Vietnam na Mai Thu Van, yakachapishwa kwa Kifaransa mwaka 1983, Trinh akayatafsiri kwa Kiingereza, na wanaoyatamka ni wanawake wahamiaji wanaoishi Marekani. Hilo lilikuwa pigo kwa hadhira iliyodhani imesikia ushahidi wa moja kwa moja.

Hadhira ya Afrika Mashariki huenda isishtuke sana. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Nairobi tumezoea filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Msimulizi hutafsiri, hufafanua, hutania na kuongeza yake, na mtazamaji hujua wakati wote kwamba anasikia watu wawili kwa pamoja. Trinh anamtaka mtazamaji awe na masikio ya namna hiyo.

Mbinu ni zilezile za Coppola na Kubrick: filamu inajirejelea, matini moja inapita ndani ya nyingine, na uhalisia wa picha unatiliwa shaka. Tofauti imo katika kinachofuata. Sehemu ya pili inawaonyesha wanawake haohao waliokuwa wakiigiza, sasa wakiwa katika maisha yao ya Marekani, wakieleza kwa nini walikubali kuyabeba maneno ya wenzao waliobaki. Aliyesikika kama daktari wa Vietnam anageuka kuwa mtu mwingine mwenye historia yake, na historia hiyo haifuti ya daktari. Trinh pia anaacha nyimbo na mazungumzo ya Kivietnam bila kuyatafsiri yote. Mwandishi wa makala haya hajui Kivietnam, na mbele ya sehemu hizo alijikuta ameketi pale alipoketi askari wa Kubrick, akiuliza anasema nini. Safari hii hakuwepo Joker wa kumjibu.